Pumzi Unayo, Jifunze Kasia: Mwongozo wa Mpiga Makasia wa Nakuru

Ukiwaambia watu wa Nakuru kwamba unafanya mazoezi ya kupiga makasia, swali la kwanza litakuwa: kwa maji gani? Ziwa Nakuru limo ndani ya hifadhi ya taifa na maji yake ni ya magadi. Naivasha lina maji baridi, lakini lina viboko. Baringo lina viboko na mamba. Mkono wa bahari wa Tudor kule Mombasa, ambako wapiga makasia wa Kenya wamefanyia mazoezi, uko mwendo wa siku nzima kwa basi. Swali hilo ni la haki, ila limeanzia mwisho. Mbio za makasia huamuliwa kwanza na moyo, mapafu na miguu, na hivyo vitatu hujengwa nchi kavu.

Waangalie wanawake wawili wa Afrika Mashariki. Asiya Mohammed wa Mombasa, aliyepoteza miguu yote miwili katika ajali ya treni akiwa mtoto wa miaka miwili, alicheza tenisi ya viti vya magurudumu kabla ya kushika kasia. Akafuzu kwa Michezo ya Paralimpiki ya Tokyo na kushindana mwaka 2021. Kathleen Noble wa Uganda alikuwa mwogeleaji. Alijifunza makasia akiwa chuoni Marekani, akawa mpiga makasia wa kwanza wa Uganda katika Olimpiki. Wote wawili walifika majini na pumzi waliyoijenga katika mchezo mwingine. Nawe unayeishi kwenye bonde hili la wakimbiaji unaweza kupita njia hiyohiyo. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye afya njema, anayeweza kufika kwenye jimu yenye mashine ya makasia mara tatu au nne kwa wiki, na aliye tayari kusubiri wiki 12 kabla ya kujipima kwa nguvu zake zote.

Jua unachojiandalia

Umbali wa kawaida wa mbio za kimataifa ni mita 2000. Tangu mwaka 2017 wanamichezo wenye ulemavu nao hushindana kwa umbali huohuo. Mabingwa wa Olimpiki huumaliza kwa dakika tano na nusu hadi saba na zaidi kidogo, kutegemea mashua na idadi ya watu. Mwanafunzi mzuri kwenye mashine atatumia dakika saba, nane au tisa.

Dakika hizo huonekana chache, na ndipo wengi hukosea. Huziona kama mbio za kasi, wakajifunza kuvuta kwa hasira. Ukweli ni kwamba takribani robo tatu ya nguvu inayotumika katika mita 2000 hutoka kwenye oksijeni unayovuta wakati huohuo unaposhindana. Sehemu inayobaki ndiyo hutoka kwenye akiba ya misuli, ile inayoacha miguu ikiwaka moto. Basi kazi yako kubwa ni kufundisha mwili kupokea oksijeni na kuitumia. Tofauti yako na mkimbiaji ni kwamba yeye hubeba uzito wake kwa miguu, nawe umekaa kitini ukiutumia mwili mzima: mapaja, makalio, mgongo, mabega na mikono, yote yakidai damu kwa wakati mmoja.

Hewa ya Nakuru inakupa na inakudai

Jiji la Nakuru liko kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Naivasha linakaribia mita 1,890, na Iten, mji wa wakimbiaji, ni mita 2,400. Sehemu ya oksijeni hewani ni ileile ya Mombasa, asilimia 21. Kinachopungua ni kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa. Hapa mgandamizo huo ni kama asilimia 80 ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo zaidi.

Mwili hujibu. Figo huhisi upungufu huo na kutoa homoni inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu zaidi za damu. Aliyezaliwa na kukulia hapa ameshazoea. Aliyehamia kutoka pwani ajipe wiki tatu au nne za mazoezi mepesi kabla ya kudai makubwa.

Deni lake ni hili: ukizidisha kasi hapa, kupona huchelewa. Kwa hiyo, mambo mawili. Kwanza, ongeza muda wa mapumziko kati ya vipindi vikali. Ikiwa programu uliyopewa na mtu wa pwani inasema dakika mbili, wewe chukua tatu. Pili, usilinganishe muda wako na wa rafiki aliye Mombasa, ukajiona dhaifu. Jilinganishe na wewe wa mwezi uliopita, kwenye mashine ileile.

Mvuto: miguu, kiwiliwili, mikono

Mvuto mmoja una sehemu nne, nazo lazima zifuatane.

Mwanzo: magoti yamekunjwa, mikono imenyooka, mabega yamelegea, kiwiliwili kimeinama mbele kidogo kutoka kwenye nyonga. Mgongo haujapinda kama upinde.

Kusukuma: miguu hutangulia. Sukuma ubao wa nyayo kana kwamba unausogeza mbali nawe, mikono ikiwa bado imenyooka. Miguu ikikaribia kunyooka, kiwiliwili huegemea nyuma kidogo. Mwisho kabisa mikono huvuta mpini hadi chini ya kifua.

Mwisho wa mvuto: miguu imenyooka, viwiko vimepita mbavu, kifua kimefunguka.

Kurudi: mpangilio hugeuka. Mikono hutangulia, kiwiliwili hufuata, magoti hukunjwa mwisho. Rudi taratibu. Katika mazoezi mepesi, kurudi kuchukue muda mara mbili wa kusukuma, maana hapo ndipo unapovuta pumzi.

Aliyewahi kubeba gunia la viazi pale Molo anajua somo hili. Mbebaji mzoefu hainui gunia kwa kiuno. Hukaza tumbo, akasukuma ardhi kwa miguu. Mashine ya makasia inadai vivyo hivyo, tena mara mia sita kwa nusu saa. Atakayevuta kwa kiuno ataumia sehemu ya chini ya mgongo, na hilo ndilo jeraha linalowasumbua zaidi wapiga makasia duniani kote. Wiki mbili za kwanza, anza kila kipindi kwa dakika tano za kuvuta kwa miguu pekee, kisha miguu na kiwiliwili, kisha mvuto kamili. Mwombe mwenzako akupige video kutoka ubavuni. Macho yako yatakusahihisha vizuri kuliko maneno ya mtu.

Isome mashine vizuri

Mashine zilizoenea zaidi, za Concept2, zina gurudumu la mapanga linalosukuma hewa, na pembeni pana kidhibiti chenye namba 1 hadi 10. Mgeni hukimbilia 10 akidhani ndiyo nguvu. Namba hiyo inaruhusu hewa nyingi zaidi kuingia tu. Mvuto unakuwa mzito na mgongo unalipa. Kiwango cha kazi yako ni kasi unayoonyeshwa kwenye skrini.

Ingia kwenye menyu ya skrini, tafuta kipimo cha ukinzani, vuta mara kadhaa usome namba. Iweke kati ya 110 na 130. Kwa kuwa hewa ya Nakuru ni nyepesi, itabidi kidhibiti kikae juu kidogo kuliko ambavyo kingekaa Mombasa ili kupata namba ileile. Kwa hiyo usinakili namba ya kidhibiti ya mtu wa pwani. Nakili kipimo cha ukinzani.

Jambo la pili la kusoma ni kasi kwa kila mita 500. Kasi ya 2:10 inahitaji wati 159 hivi. Kasi ya 2:00 inahitaji kama wati 203. Kasi ya 1:45 inahitaji wati 302. Umeona? Kutoka 2:00 hadi 1:45 ni sekunde 15 tu, lakini nguvu imepanda kwa karibu nusu. Mambo huwa hivyo kwa sababu nguvu inayohitajika hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi. Josh Dunkley-Smith wa Australia alipomaliza mita 2000 za mashine kwa 5:35.8 mwaka 2018, alikuwa akitoa wastani wa zaidi ya wati 590.

Funzo lake kwako ni hili: anayeanza kwa pupa na kumaliza kwa kutambaa hupoteza nguvu nyingi mno katika zile sekunde za mwanzo. Kasi iliyo sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho ndiyo yenye bei nafuu.

Mazoezi mengi yawe mepesi

Hapa ndipo penye kiini cha sayansi ya mchezo huu. Watafiti wawili, Fiskerstrand na Seiler, walifuatilia mazoezi ya wapiga makasia bora wa Norwei kuanzia mwaka 1970 hadi 2001. Waligundua kwamba saa za mazoezi mepesi zilipanda kutoka 30 hadi 50 kwa mwezi, na saa za mazoezi ya kasi ya mashindano na zaidi zikashuka kutoka 23 hadi 7. Katika miaka hiyohiyo, uwezo wa wanamichezo hao wa kutumia oksijeni uliongezeka. Walipunguza ukali, wakaongeza uvumilivu, nao wakawa na nguvu zaidi.

Wakimbiaji wa Bonde la Ufa wanalijua jambo hili kwa miguu. Nenda Iten alfajiri ya siku ya mazoezi mepesi, utaona mabingwa wa dunia wakianza kwa mwendo ambao hata wewe ungewafuata. Ukali una siku yake. Siku nyepesi hawaifanyi kuwa ngumu.

Basi katika kila vipindi vinne vya kujenga pumzi, vitatu viwe vyepesi. Utajuaje kwamba ni vyepesi? Zungumza. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika, uko mahali pake. Ukisema maneno mawili ukatafuta hewa, umezidisha. Punguza, hata kama skrini itaonyesha namba inayokuaibisha. Usiione aibu namba hiyo. Kwenye mwendo huo ndipo moyo unapojifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, na ndipo misuli inapoongeza mishipa midogo ya damu.

Wiki moja ya mazoezi

Jumatatu: dakika 40 nyepesi kwenye mashine, mivuto 18 hadi 20 kwa dakika.

Jumanne: mazoezi ya nguvu, dakika 40. Kuchuchumaa na uzito, kuinua uzito kutoka chini kwa mgongo ulionyooka, kuvuta uzito kuelekea kifuani, na kukaza tumbo kwa kujiegemeza kwenye viwiko. Seti tatu za mara nane kila moja.

Jumatano: siku ngumu. Baada ya kupasha mwili joto kwa dakika 15, fanya vipindi vitano vya dakika tatu kwa mivuto 24 hadi 26, ukipumzika dakika tatu kila baada ya kimoja. Kipindi cha tano kiwe na kasi ileile ya cha kwanza. Kikishuka, ujue ulianza kwa pupa.

Alhamisi: pumzika, au tembea.

Ijumaa: dakika 40 hadi 50 nyepesi. Ukichoka mashine, kimbia polepole na wenzako kwenye miteremko ya Menengai au endesha baiskeli kuelekea Njoro. Moyo haujui ni chombo gani unatumia.

Jumamosi: kipindi kirefu, dakika 60, ukigawa katika vipande vitatu vya dakika 20 na kunywa maji katikati.

Jumapili: pumzika kabisa.

Kila wiki ya nne punguza jumla ya dakika kwa thuluthi moja. Mwisho wa wiki ya nne na ya nane jipime: dakika 30 kwa mivuto 20 kwa dakika, bila kuzidisha hata mmoja, halafu andika umeenda mita ngapi. Mivuto isipoongezeka, mita zikaongezeka, basi kila mvuto wako umekuwa na nguvu zaidi. Hakuna njia ya kujidanganya hapo.

Na kama shule au kikundi chenu hakina mashine? Chukueni tyubu mbili za baiskeli, mzifunge kwenye nguzo imara, mkae chini mkielekea nguzo na kuvuta kwa mpangilio uleule: miguu, kiwiliwili, mikono. Tyubu hazitawapa pumzi. Hiyo itoke kwenye kukimbia na kupanda vilima. Ila zitaufundisha mwili mpangilio, na mpangilio ndio mgumu kuurekebisha baadaye.

Damu, chakula na usingizi

Mwili hauwezi kutengeneza chembe nyekundu za damu bila madini ya chuma, na anayefanya mazoezi kwenye mwinuko huyahitaji zaidi. Maini, nyama, maharagwe, ndengu, terere na managu vina madini hayo. Chuma cha mboga na nafaka huingia mwilini vizuri zaidi kikiandamana na nyanya, chungwa au limau. Kinachokizuia ni kitu tunachokipenda sana: chai. Chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula hufunga chuma kisiingie. Usiiache, isogeze tu, uinywe saa moja au mbili baada ya mlo. Kwa wanawake, wanaopoteza damu kila mwezi, jambo hili lina uzito wa pekee. Ukijikuta umechoka wiki kadhaa bila sababu, nenda ukapime hemoglobini na akiba ya chuma kabla ya kumeza vidonge, kwa maana chuma kikizidi nacho hudhuru.

Wanga ndio kuni za mchezo huu. Saa mbili au tatu kabla ya kipindi kigumu, kula ugali, viazi vitamu, ndizi au uji. Baada ya mazoezi pata wanga na protini pamoja: githeri na kikombe cha maziwa au mursik vinatosha, mayai mawili yakiongezeka ni heri.

Kisha lala. Saa nane za usingizi kila usiku ni sehemu ya mazoezi. Asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja, uandike daftarini. Yakipanda kwa mapigo saba au kumi juu ya kawaida yako kwa siku mbili, mwili unaomba nafasi. Fanya mepesi au pumzika. Mkimbiaji wa marathoni Eliud Kipchoge, pamoja na mafanikio yake yote, huandika mazoezi yake ya kila siku kwenye daftari. Daftari lako liwe na vitu vinne: dakika, mita, mapigo ya asubuhi, na neno moja la ulivyojisikia.

Ukifika majini

Usiingie majini bila kujua kuogelea. Usiingie peke yako. Vaa jaketi la kuokoa maisha hadi mwalimu atakaposema vinginevyo.

Ziwa Naivasha huwa tulivu asubuhi, na upepo huinuka kuelekea alasiri, kwa hiyo asubuhi ndiyo saa ya makasia. Lakini usitangulie jua. Viboko hula majani nchi kavu usiku na hurudi majini alfajiri. Anayewakatia njia hiyo anahatarisha maisha. Ngoja mwanga kamili, kaa mbali na mafunjo ya ukingoni, na kabla ya kusukuma mashua waulize wavuvi kundi limelala wapi leo. Uliza kila siku. Ziwa hili hubadilika: maji yalipopanda mwaka 2020 yaliingia hadi kwenye nyumba za mtaa wa Kihoto, na magugumaji husogea na upepo. Njia ya jana inaweza kuwa imefungwa leo.

Anza na mashua pana. Mashua ya mashindano ni nyembamba kiasi kwamba bila makasia haiwezi kusimama wima yenyewe, na siku ya kwanza haitakujali una nguvu kiasi gani. Weka mikono kwenye kimo kimoja, rudi taratibu, usivute kwa bidii hadi mashua itulie.

Siku ya mbio

Wiki mbili kabla ya mbio, punguza wingi wa mazoezi hadi karibu nusu, lakini ubakishe kasi: vipindi vifupi vikali, mapumziko marefu. Hofu ya kupoteza pumzi itakujia. Usiisikilize, wiki mbili hazitoshi kufuta kazi ya wiki kumi.

Ikiwa unashuka Mombasa, hewa nzito ya pwani itakupa raha ya ghafla, na raha hiyo ndiyo mtego. Utajisikia unaweza kuanza kwa kasi kubwa kuliko ulivyojifunza. Kitakachokulipisha ni joto na unyevu. Ukiweza, fika siku saba hadi kumi mapema, ufanye mazoezi mepesi kwenye joto, unywe maji na kuongeza chumvi kidogo kwenye chakula.

Mita 2000 zigawe mara nne. Robo ya kwanza: mivuto mitano ya kuamsha mashua, kisha tulia kwenye kasi uliyoizoea. Ya pili: iwe rahisi kuliko moyo unavyotaka. Ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, maana mwanzo umesahaulika na mwisho hauonekani. Hapo shika mpangilio, miguu, kiwiliwili, mikono, na usifikirie kingine. Ya nne: toa kilichobaki.

Mwalimu wa pale Tudor anaweza kukufundisha usawa wa mashua kwa wiki chache, na namna ya kugeuza kasia kwa siku kadhaa. Pumzi hawezi kukupa, wala hawezi kukukopesha. Hiyo utaishusha mwenyewe kutoka Nakuru, umeikusanya dakika 40 kwa dakika 40, ukiongea na mwenzako huku gurudumu likizunguka.